Pombe ya Shamba

Shati la marehemu lilikuwa limejaa sisimizi.

Konstebo Zadock Oloo alilitoa kwenye sanduku la vielelezo, akalikung'uta mara moja, akasonya. "Afande, hii nguo iko na sukari. Mimi najua mtu akitapika ni nzi hukuja, si hawa."

Inspekta Msaidizi Nzuki alilipokea, akalitandaza mezani karibu na dirisha. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umeukalia mji tangu asubuhi, na mwanga wenyewe ulikuja kwa shingo upande. Matapishi yalikuwa yamekauka chini, usawa wa tumbo. Huko hapakuwa na mdudu hata mmoja. Sisimizi wote walikuwa wamejazana juu, kifuani, kwenye doa dogo lililokauka likawa gumu. Nzuki aliinama akalinusa. Asali, tena asali iliyochacha.

"Mkemia wa Serikali alisema nini habari ya asali?"

"Alisema iko tumboni kidogo. Sisi tukasema mzee alitia kwa uji."

"Tukasema sisi. Nani alimwuliza Njambi?"

Oloo alijikuna shingo. Hakuna aliyemwuliza, na wote wawili walijua sababu. Kesi ilikuwa imekwisha vichwani mwa wakubwa kabla haijaanza. Mzee Thairu wa Waithaka alikufa Jumamosi akijikunja kwa maumivu. Tumboni mwake ikakutwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Chakula alichoachiwa siku ile kilikuwa uji wa Njambi, mke wa mwanawe, na hedmani, msimamizi wa kijiji, Gichuru, alikuwa amekuja kituoni mwenyewe kueleza kwamba Njambi alisikika akimfokea mzee wiki nzima. Basi, Njambi akatiwa selo. Kesho asubuhi angeshtakiwa kwa kuua, na kwa kosa hilo hakimu hana la kuchagua ila kitanzi.

"Mzee hakuwa mlevi," Oloo alisema. "Kanisa lote linasema tangu abatizwe hakuonja. Hata hedmani anasema."

"Hedmani anasema mengi," Nzuki alisema, akachukua koti lake.

Wakili Fernandes alikuwa Mgoa mwembamba mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Bazaar. Ngazi zilinuka pamba mpya na mafuta ya taa. Thairu alikuwa amemtembelea mwezi uliopita, na jambo hilo Nzuki alilijua kwa kuuliza tu watu wa kijijini, kazi ambayo wenzake hawakuona haja ya kuifanya.

"Alikuja kwa shauri la shamba la mtoni," Fernandes alisema. "Lakini halikuwa lake, na aliniambia hivyo kabla hajaketi. Ni la ukoo. Yeye alikuwa muramati, mlezi wa ardhi. Anaigawa, anailinda, anaisemea. Kuuza hawezi."

"Na Gichuru anaingilia wapi?"

"Baba yake Gichuru alikuja zamani akaomba kulima. Mtu wa namna hiyo Wakikuyu wanamwita muhoi. Analima, anajenga, anazeeka hapo, watoto wake wanalima baada yake, lakini ardhi inabaki ya watu. Gichuru sasa anasema baba yake hakuomba, alinunua."

"Sheria inasemaje?"

Fernandes alicheka kicheko kisicho na raha. "Sheria inaona watu watatu kwenye shamba moja, Inspekta. Mwenye ardhi, anayeikalia, na anayeishika kwa niaba ya wengine. Mzee yeyote wa Waithaka atakutenganishia hao watatu huku akitafuna muwa. Ila kesho kamati ya ardhi inakaa kuandika majina, na kila shamba lina nafasi ya jina moja. Likishaandikwa, wale wengine wawili hawapo tena duniani."

"Hata kama aliyeandikwa amedanganya?"

"Hata hivyo. Huko juu wanataka jina la kwanza lisiguswe na mtu. Wamechoka na kesi."

Nzuki alisimama dirishani akatazama chini, ambako mkokoteni ulikuwa umekwama na watu wanatukanana kwa lugha nne. Kitu kimoja hakikumkaa sawa. "Gichuru ni hedmani. Ana walinzi wa homgadi mlangoni na bunduki. Mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye kipande cha shamba?"

"Uhedmani si mali yake. Ni wa Serikali, amepewa ashike kwa sababu ya hii Hali ya Hatari. Ikiisha, watamshukuru na kumnyang'anya kofia. Anajua. Mjinga asingejua."

"Na kesho nani angesimama kumpinga?"

"Thairu, ambaye amekufa. Mwanawe, Mwaura, ambaye yuko kizuizini Manyani. Akitoka huko atakuta jina la Gichuru, asubiri mpaka mwisho wa dunia." Fernandes alivua miwani akaifuta. "Anabaki mke wa Mwaura. Yule mliyemfungia."

Nzuki aliteremka ngazi akiwa amekasirika, na hasira yake haikuwa kwa Gichuru peke yake.

Njambi alikuwa ameketi sakafuni ingawa alipewa benchi. Nzuki alimwondoa askari wa zamu, akaketi yeye kwenye benchi, kisha akaona haya, akashuka naye akachuchumaa. Walizungumza Kikuyu, lugha ambayo kwa Mkamba ni ya jirani.

"Mama, baba mkwe wako alikunywa pombe siku ile."

"Hakunywa."

"Iko kwenye shati lake."

"Lifueni."

"Njambi."

"Mchungaji amekubali kumzika Jumapili ijayo, mbele ya kanisa, na wimbo," Njambi alisema. Hakuinua sauti. "Nikisema neno hilo, atamzika?"

"Sijui."

"Basi sisemi."

Nzuki alikuwa amehoji wezi, wauaji na makarani wa reli, lakini ukaidi wa namna hii ulimshinda maarifa. "Utanyongwa kwa ajili ya mazishi ya mtu mwingine. Unasikia ninachokuambia?"

"Nasikia. Mwaura akipandishwa lori aliniachia vitu viwili, baba yake na shamba. Baba amenifia mikononi. Sasa wewe unataka nimvue nguo mbele ya watu, niite mzee wa kanisa mlevi. Nitamwambia nini Mwaura?"

"Utamwambia nini kuhusu shamba? Kamati inakaa kesho."

Kwa mara ya kwanza Njambi alimtazama usoni. "Walisema mwezi ujao."

"Gichuru ameisogeza. Kesho mchana jina lake litaandikwa, na wewe utakuwa kizimbani."

Huko nje mtu alikuwa akiburuta ndoo juu ya saruji. Njambi alijifunga kitambaa chake upya, polepole.

"Haikuwa ulevi," alisema. "Muhoi akimletea muramati pombe, muramati hawezi kuikataa. Akikataa ni kumwambia mtu, hama. Kwa hiyo ataipokea hata kama ameokoka. Anatia funda la kwanza mdomoni, anajitemea kifuani, hiyo ni baraka. Halafu anamaliza pembe iliyojazwa pombe. Akimaliza, maana yake ni kaa, ulime. Baba aliwahi kumwuliza Mchungaji wa zamani, akamwambia Mungu ataelewa. Huyu mpya ni mkali."

"Ulimwona aliyeileta?"

"Tulikuwa kazi ya lazima ya mitaro, kijiji kizima. Nilirudi nikamkuta chini. Baadaye, nikifagia, nikakuta kibuyu chini ya kitanda."

Nzuki alisogea karibu. "Kiko wapi?"

"Nilikirudisha."

"Ulikirudisha wapi?"

"Kwa wenyewe. Kilikuwa cha Wangeci, mke wa Gichuru. Kina ufa shingoni, ameushona kwa uzi mweusi, hakuna mwanamke Waithaka asiyekijua. Nilikiosha kwa majivu na maji ya moto, nikatia njahi ndani, nikampelekea Jumapili." Aliona uso wa Nzuki, akaongeza kama anayejitetea, "Sirudishi chombo cha mtu kitupu. Hata nikiwa na msiba."

Nzuki alifunika macho kwa kiganja. Ushahidi wote wa kesi ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, ukajazwa kunde nyeusi, ukapelekwa nyumbani kwa mwuaji kwa heshima zote.

"Hukuwaza kitu? Hedmani analeta pombe, na mzee anakufa siku hiyo hiyo?"

"Niliwaza amekuja kupatana kabla ya kamati. Nilifurahi. Katika msiba wote huo, hilo moja lilinifurahisha." Alikaza fundo la kitambaa chake. "Halafu mkaja mkasema ni uji. Mlisema kwa uhakika. Nikaanza kuuogopa uji wangu mwenyewe."

"Na kumfokea je? Gichuru anasema ulikuwa unamfokea."

"Nilimfokea ale. Alikuwa hali, tangu mwanawe achukuliwe."

Barabara ya Waithaka ilikuwa tope tupu, na Landrova ilikwenda kwa kuteleza. Oloo alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alinyamaza mpaka walipoona mnara wa homgadi ukitokeza kwenye ukungu, na chini yake handaki lililozunguka kijiji, lenye miti iliyochongwa ncha.

"Afande, Suprintendenti alisema hedmani asiguswe."

"Simgusi. Naenda kumsalimu mkewe."

"Na bwana mwenyewe akikuja?"

"Nitamsalimu naye."

Oloo alitikisa kichwa. "Nikifukuzwa kazi, Afande, utanitafutia ingine. Mimi iko na watoto."

Walipita daraja la magogo. Watu waliokuwa nje waliingia ndani, mmoja baada ya mwingine, na milango ikafungwa taratibu bila kelele. Homgadi watatu wenye bunduki waliwafuata kwa nyuma hadi uani kwa Gichuru. Walisimama tu, karibu kuliko ilivyohitajika.

Wangeci aliwapokea jikoni, kwenye banda la mbao lililojaa moshi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye jicho moja lililovimba na kuanza kupona. Nzuki aliliona, hakuuliza. Kibuyu kilitundikwa juu ya mafiga kwa kamba, na ufa wa shingoni ulishonwa kwa uzi mweusi.

"Kizuri," Nzuki alisema. "Mama yangu angekitupa siku kilipopasuka."

"Si cha kutupa, mzee. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa."

"Huazimi watu?"

"Siazimi mtu."

"Njambi je? Alisema alikuwa nacho."

"Yule alikirudisha tu. Tena na njahi, na yuko kwenye matanga, maskini. Ana adabu yule..." Hapo Wangeci alitambua alichosema. Nzuki aliona jinsi uso wake ulivyobadilika, na akamhurumia kweli. Mwiko aliokuwa ameshika uliendelea kudondosha uji sakafuni.

Mlango ukafunguka. Gichuru aliingia na kofia yake nyeusi yenye nembo ya Serikali, fimbo kwapani, akawatazama wote kwa zamu. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, na utulivu huo ulitisha kuliko bunduki za nje.

"Inspekta, nyumba ya mtu huingiwa mwenyewe akiwepo."

"Utanisamehe, Hedmani. Nilitaka nikutakie heri. Nasikia kesho ni siku kubwa."

"Kubwa kwa nani? Shamba ni langu. Baba yangu alilinunua kwa mbuzi na ng'ombe, mbele ya mashahidi. Wamekufa wote."

"Kwa hiyo wewe hujawahi kumpelekea Thairu pombe ya shamba."

"Mnunuzi hapeleki pombe. Pombe hupelekwa na muhoi."

"Oloo, andika hilo kama lilivyo."

Penseli ya Oloo ilikwaruza. Gichuru alitabasamu kidogo. Neno hilo alikuwa amejiandaa kulisema kesho mbele ya kamati, na kulisema leo mbele ya polisi hakukumpunguzia kitu.

"Basi nisaidie," Nzuki alisema, akanyoosha kidole juu ya mafiga. "Thairu alikufa kwa pombe ya asali iliyotiwa dawa ya ng'ombe. Hiki hapa kilikutwa chini ya kitanda chake."

"Si chetu."

"Mkeo amekwisha kusema ni chake. Ameeleza hata aliyempa."

Gichuru alimgeukia mkewe, akamtazama tu. Nzuki alikuwa ameona watu wakipigwa kwa mkanda wakaogopa kidogo kuliko vile Wangeci alivyoogopa macho yale. Moto ulipasua kijiti. Homgadi mmoja alikohoa nyuma ya mbao.

"Ni mimi," Wangeci alisema. "Nilipeleka mimi. Nilitia dawa mimi. Yeye hajui lolote."

Nzuki alimtazama Gichuru wala si mkewe. Hedmani alishusha mabega, taratibu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe," Gichuru alisema. "Mmesikia wenyewe. Sikujua naishi na mtu wa namna gani. Mchukueni."

Oloo alikuwa tayari ameshika pingu. Nzuki alimzuia kwa mkono.

"Ningemchukua," alisema, na akaitia sauti yake unyonge wa mtu aliyeshindwa. "Lakini korti itanicheka. Thairu alijitemea funda kifuani, tumeliona doa. Alibariki. Ile ni shughuli ya wanaume. Asingepokea pembe mkononi mwa mwanamke. Itabidi nimwachie mama huyu, nitafute mwanamume."

"Nani kakuambia asingepokea?"

"Ndivyo nijuavyo."

"Wewe Mkamba utajua nini mambo yetu?" Gichuru alipiga hatua. Kwa mara ya kwanza aliharakisha maneno. "Mwanamke akitumwa na mumewe hupokelewa. Anasimama pale kwa jina la mumewe. Thairu asingeweza kumkataa."

"Akitumwa. Lakini huyu hakutumwa."

"Nilimtuma. Mimi nilimtuma. Nilimpa pombe safi ampelekee mzee. Alichotia njiani ni chake mwenyewe."

Penseli ya Oloo ilifika mwisho wa mstari, ikasimama.

"Ulimtuma kwa Thairu na pombe," Nzuki alisema polepole, "kwa jina lako."

Gichuru aliitazama penseli ya Oloo.

"Mnunuzi hapeleki pombe. Umesema wewe, sasa hivi, tumeandika. Aliyemtuma mkewe na kibuyu kwa muramati ni muhoi, na shamba la mtoni si lake, wala halikuwa la baba yake. Na aliyekuwa akililima bila kuwa lake ndiye peke yake aliyehitaji Thairu asifike kesho."

"Sikusema hivyo."

"Hakunituma," Wangeci alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa ameweka mwiko chini na kujifuta mikono, na sasa alimtazama mumewe bila kukwepa.

"Nilikuwa tayari kwenda kunyongwa. Niliwaza watoto watabaki na baba, na watakuwa na shamba. Nilikuwa tayari kabisa. Nilitaka tu useme hapana. Hata kwa uongo, hata mara moja. Ungesema hapana, huyu mke wangu hapana, ningekwenda na wao kimya." Alinyoosha kidole kwenye msumari wa mlangoni. "Kofia aliitundika pale, Jumamosi. Hata mbele ya DC haivui, lakini siku ile alitoka kichwa wazi na kibuyu mkononi, kwa sababu mzee asingempokea kama hedmani. Kibuyu alikiacha huko. Kuondoka na chombo siku hiyo hiyo ni matusi, mzee angeshtuka kabla hajanywa. Kopo la dawa liko chini ya magunia ya mahindi. Njooni niwaonyeshe."

Gichuru aliita homgadi. Aliwaita kwa majina, akawaamuru wamtoe Mkamba huyu uani mwake.

Mbao za banda lile zilikuwa na mianya ya kupitisha kidole, na wale watatu walikuwa wamesikia kila neno. Yule mkubwa wao, ambaye shamba lake nalo lingesomwa kesho mbele ya kamati, alisimama mlangoni akimtazama hedmani wake. Kisha aliishusha bunduki, akaiegemeza ukutani, akapisha njia. Wenzake wakamfuata.

Oloo alifunga pingu, na kopo likapatikana pale pale lilipotajwa, na kifuniko chake kimefungwa vibaya. Walipomfikisha Gichuru kwenye gari alikuwa bado hajauliza habari ya kesi, wala ya mkewe, wala ya watoto.

"Kamati haitaahirishwa," alisema. "Kesho watasoma shamba la mtoni, na hakuna atakayesema. Mwanamke hasemi kwenye mambo ya ardhi."

"Njambi atakuwepo," Nzuki alisema. "Nitamleta mwenyewe. Daftari la Oloo litasomwa, naye hatahitaji kusema neno. Wewe umeshamsemea."